Kitabu Kilicholala Bandani kwa Kuku

Jua lilipoanza kuinama, Mervyn Tuckett alikifunga kitabu kwa kamba, akavuka ua, akakisukuma ndani ya banda la kuku na kukiwekea tofali juu. Alifanya hivyo siku tisa mfululizo. Kufikia siku ya sita kuku walikuwa wameacha kutaga, naye hakuwalaumu.

Ilikuwa riwaya ya kale ya kutisha, habari za mlinzi wa mnara wa taa aliyekufa lakini akaendelea kupanda ngazi. Klabu ya vitabu ya mji wa Warrabine ilikuwa na desturi yake: wote wanasoma kitabu, kisha wawili wanatumwa kuitazama filamu yake, na Jumanne wanatoa ushahidi kipi kimetisha zaidi. Safari hii walitumwa Mervyn na Nola Prentice, na hapo ndipo Mervyn alipopata mtihani.

Nola alikuwa mjane mwenye trela la kulala na mpango wa kuvuka nyika ya Nullarbor mwezi wa tano. Kiti cha pembeni mwake garini kilikuwa kitupu. Alishasema mbele za watu kwamba anayekitaka awe mtu wa kutoka nje na tochi kikisikika kishindo. Mervyn alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote tangu afiwe na mkewe.

Bahati mbaya alikuwa mwoga. Miaka arobaini alikata kwato za kondoo, pande la mtu lenye ndevu hadi kifuani, na chama cha wafugaji kilipotaka kuwaonyesha vijana kazi ilivyo, kilimwita yeye. Alipostaafu akazinyoa zile ndevu, na chini yake akakuta uso wa mtu anayeogopa popo.

Jumapili alasiri alikwenda kwa Nola na keki za nazi. Diski walikuwa wamepewa na Glenys wa maktaba. Nola alishusha mapazia, akamimina chai, akavua miwani akisema mvuke unaitia ukungu, kisha akaitia diski kwenye mashine kwa kupapasa. Sauti akaizima kabisa.

"Toffee ana moyo mdogo," alisema, akimwonyesha mbwa wake. "Akisikia mayowe anakojoa kwenye zulia. Halafu maneno si tunayajua? Tumesoma."

Mervyn akasema masikini Toffee. Toffee alikuwa amelala chali, anakoroma.

Picha ikaja. Banda la giza. Mlango ukafunguka taratibu, akaingia mtu mkubwa, ndevu zimemfunika kifua, aproni ya ngozi hadi magotini, chuma mkononi. Mervyn akafumba macho, na hakuyafumbua tena mpaka Nola aliposema imekwisha. Alishangaa ilivyokuwa fupi, ila akajiambia kwamba hofu haina saa.

Kitu pekee alichokijua kuhusu filamu ile ni mkono wa Nola. Kila ulipombana alielewa kwamba jambo baya limetokea kwenye kioo, naye akabana zaidi. Nola naye akabana kupita hapo. Walipoachana vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Wewe Merv hata hujatikisika," alisema Nola, akiitafuta miwani yake.

"Mambo ya kawaida hayo," akajibu Mervyn.

Jumanne klabu ilikaa maktabani, watu saba na sahani ya biskuti, wakimsubiri Glenys hadi wakachoka kumsubiri. Mervyn akasimama. Alikuwa ameamua kuisifu filamu, kwa kuwa kitabu kila mtu amekisoma na angeweza kuhojiwa, lakini filamu waliiona wawili tu.

"Kitabu ni cha watoto," alisema, huku akiwafikiria kuku wake. "Filamu ndiyo yenyewe. Mnara wameuondoa, wameweka banda. Linaingia jitu lina ndevu, limevaa aproni, limeshika chuma. Jamani, mimi tangu nizaliwe sijaona sura ya kikatili kama ile."

"Huyo wa aproni ndiye aliyenimaliza," Nola akadakia. "Yale macho. Na pale kwenye ngazi anapogeuka."

Mervyn hakuwa na habari za ngazi, lakini aliitikia kwa kichwa, tena kwa uzito. Moyoni aliona haya. Mwanamke ameyatazama yote hadi mwisho, na yeye mwanamume ameambulia nusu dakika.

Ndipo Glenys akaingia anahema, kasha la diski mkononi, akaomba radhi kabla hajavua koti. Alikuwa amechanganya makasha. Filamu ya mnara ilikuwa hii hapa, haijatazamwa na mtu. Aliyompa Nola ilikuwa filamu ya mafunzo ya chama cha wafugaji, namna ya kukata kwato za kondoo, ya mwaka themanini na sita.

Watu wote wakawageukia wale mashahidi wawili. Mervyn alizitazama biskuti. Kiti cha Nullarbor kimekwenda, na amestahili. Alikuwa akipima umbali wa kufika mlangoni pale mkono ulipoukamata wake chini ya meza na kuubana, kwa nguvu zilezile za Jumapili.

"Tutasafiri mchana tu," Nola alimnong'oneza. "Na hiyo tochi tutaishika wote."

Mervyn akavuta pumzi, ya kwanza tangu Glenys aingie. Glenys alikuwa bado amesimama, amevaa miwani yake, anasoma maandishi ya nyuma ya lile kasha.

"Merv," akasema, "mbona hapa wameandika mkata kwato ni wewe?"