Nguchiro Aliyeziba Matundu

Nguchiro mmoja aliichukia baridi kuliko alivyomchukia nyoka. Alipohamia kichuguuni na mkewe na watoto watatu, aliziba kila tundu kwa udongo, akabakiza mlango tu, nao akaufunika kwa majani.

Wiki haikuisha, watoto wakaanza kukohoa na kuumwa vichwa.

“Baba watoto, zibua matundu,” mkewe alimwambia kwa mara ya kumi. “Humu hamna hewa.”

“Tangu lini hewa ikawa dawa? Namwita mganga.”

Mganga Nungunungu akaja, akachoma majani makavu, moshi ukatanda. Kitinda mimba akaanguka chini, hajitambui.

Mama hakuomba ruhusa. Alichimba kwa kucha mpaka matundu yote yakafunguka, upepo ukaingia, moshi ukatoka. Kesho yake watoto walikuwa wakicheza.

“Umeona kazi ya mganga?” Nguchiro alitamba. “Sasa ziba matundu haraka, wasije wakaugua tena.”

Mkewe akawatanguliza watoto mlangoni.

“Kaa na mganga wako, baba watoto,” alisema. “Sisi tunakwenda kupumua.”