Bandeji ya Faustina

"Hebu nione kwanza tatuu yako, mwanangu," mama kutoka Kilolo alimwambia Faustina. Tayari mama huyo alikuwa amepandisha sweta na kulaza mkono wake mezani, mkono wenye kovu la moto. Alitaka achorwe ua la kulifunika.

Faustina akaiweka mashine chini.

Pale kwa fundi wa tatuu, Iringa mjini, sheria ilikuwa moja: ukishamaliza kujifunzia kwenye ngozi ya nguruwe, mtu wa kwanza kumchora ni wewe mwenyewe. Faustina aliiogopa sindano. Akajifunga bandeji mguuni, akachechemea wiki nzima, na fundi kwa huruma akawa anapiga deki kwa niaba yake.

"Mwonyeshe tu," fundi alisema, akijivuna. "Huyu kaanza kujichora mwenyewe."

Faustina akakunja suruali. Akaifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, taratibu, kana kwamba haitafika mwisho. Ikafika.

Ngozi ilikuwa laini, haina hata doa.

Fundi akageukia dirishani. Yule mama aliutazama ule mguu mzima, kisha akalishusha sweta lake polepole, mpaka kovu likapotea.