Wembe wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi mama mkwe alimnyoa mtoto kipara, hata wiki ambazo hapakuwa na cha kunyoa.

"Mafuta yanaingia vizuri, mwanangu," alimwambia mkwewe mshonaji huku akipangusa wembe. "Nywele zinashika jasho, na jasho linamwasha."

Mshonaji hakubisha. Binti yake alikuwa na miezi mitano na ukurutu wa kumtoa mtu machozi: mashavu yamepasuka, mabaka makavu kwenye viwiko na nyuma ya magoti, anajikuna hadi shuka zinapata damu. Mama mkwe ndiye aliyewavusha. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache tu, kwa sabuni isiyo na manukato. Alimkausha kwa kumgusagusa na kitambaa, bila kumsugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu akampaka mafuta mazito ya nta kutoka kwenye kopo lisilo na lebo. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye mikunjo, bila kuelekezwa na mtu.

Mshonaji alifiwa na mama yake angali mdogo. Alimpenda mama mkwe kama mama aliyemzaa, na hakuona haya kusema hivyo.

Mumewe alikuwa fundi kufuli, mtu wa utani. Juu ya jicho la kushoto, nywele zinapoanzia, alikuwa na kishungi cheupe pe, na wateja walimwita Maziwa. Mama yake alisimulia kwamba alipokuwa na mwaka mmoja alijivutia sufuria ya maziwa ya moto. Ngozi ilipona bila hata kovu, ila nywele ziligoma. "Wenzangu walikunywa kwa mdomo, mimi kwa kichwa," fundi alikuwa akisema, na watu wakavunjika mbavu.

Kicheko kiliisha siku ya kliniki.

"Mara nyingi ukurutu unatembea kwenye familia," muuguzi alisema. "Nani kwenu ana ngozi ya hivi? Au pumu?"

"Kwetu hakuna," mshonaji akajibu.

"Nitauliza kwetu," akasema fundi.

Akauliza. Baba yake alishafariki, lakini mashangazi walikuwa hai, na midomo wanayo. "Sisi ngozi zetu laini tangu mababu," alisema shangazi mkubwa, akimpandisha na kumshusha mshonaji kwa macho. "Hiyo imetoka nje."

Neno hilo lilimwingia fundi sikioni na halikutoka. Akaanza kumtazama binti yake kama anavyotazama ufunguo usiolingana na kufuli. Mshonaji aliapa, akalia, akaapa tena.

Jioni moja fundi alisimama mbele yao wote wawili.

"Mama, nakuuliza mara ya mwisho. Kwetu hakuna kabisa mtu mwenye ngozi hii?"

Mshonaji alimkazia macho mama mkwe. Alikuwa radhi hata asikie uongo: babu wa mbali, binamu wa mbali, yeyote yule. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto, kidole chenye mafuta kimesimama shavuni.

"Kwangu hakuna," alisema taratibu. "Kwa marehemu, hakuna."

Kesho yake fundi alimfukuza, na mshonaji akafungasha nguo kurudi kwa dada yake. Mama mkwe alimsindikiza hadi getini akilia kwa kwikwi, mpaka ikawa mfukuzwa ndiye anayembembeleza mwenyeji.

"Nisamehe, mwanangu."

"Wewe una kosa gani, mama? Ungesema nini na hakuna?"

Mama mkwe alimtilia makopo mawili kwenye mkoba. "Yakiisha, nenda kwa mzee anayetengeneza mishumaa, nyuma ya stesheni. Mwambie unataka ya mtoto, basi. Usimwambie ni mtoto wa nani. Na kichwa usiache kukinyoa."

Kwa dada yake mshonaji hakuushika wembe. Nguvu zenyewe angezitoa wapi? Moyo ulikuwa umevunjika vipande vipande, na kila siku alimtumia mumewe ujumbe mmoja: *Ni wako.* Hakujibiwa hata mara moja.

Makopo yalidumu wiki tano. Mabaka yalififia, nywele laini zikaota, nyeusi, na mbele zikawa na utando mweupe aliodhani ni mafuta yaliyoganda. Akamvalisha kofia ya pamba aliyoishona mwenyewe, wakaenda stesheni.

Mtengeneza mishumaa alikuwa amefunga vifungo vya mikono ya shati hadi viganjani, ingawa chumba kilikuwa na joto la nta inayochemka. Kofia yake ilishuka hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee. Nataka mafuta ya mtoto."

"Marahaba, binti yangu. Hebu nimwone ngozi kwanza."

Mshonaji alimvua mtoto kofia. "Samahani, hapo mbele mafuta yameganda."

Mzee alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akapangusa kwa kugusagusa, bila kusugua. Weupe haukutoka. Akarudia. Haukutoka. Akajikuna kiwiko juu ya shati, macho hayabanduki kwenye kichwa cha mtoto, juu ya jicho la kushoto.

Kisha akavua kofia yake. Nywele zilikuwa bado nyeusi kuliko umri wake, isipokuwa kishungi kimoja juu ya jicho la kushoto, cheupe pe.

"Bado anawaambia watu," aliuliza, "kwamba ni maziwa ya moto?"