Mstari Ulioanza Kuharibika

"Usiizime," alisema Tekla, mtafiti wa shamba la majaribio, na kidole changu kikabaki juu ya swichi ya kompyuta.

Nilikuwa nimeshachomeka flashi ya kupigia window upya. Sisi mafundi wa kompyuta wa Uyole, hiyo ndiyo dawa yetu: kompyuta ikileta ubishi, tunafuta kila kitu na kuanza mwanzo. Na hii ilikuwa imebisha tangu asubuhi. Kila tulipojaribu kuiwekea programu inayosoma picha za majani na kutaja ugonjwa, kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, iligoma na kumwaga mistari myekundu hadi chini ya skrini.

Mlangoni alisimama mama mkulima, jani la kiazi lenye madoa amelifunga kwenye pindo la khanga. Mumewe alikuwa shambani, akingoja kuambiwa ang'oe au aache.

Mimi nilikuwa nasoma mstari wa mwisho. Tekla alipanda juu. Alipanda taratibu, akiupita wekundu wote bila kuuogopa, ukucha wake wenye udongo wa shamba la majaribio ukigusa kioo, mpaka akafika pale mambo yalipoanza kuharibika.

"Kaka, kosa ni hili la kwanza. Kuna faili moja kompaila inalitafuta, hailioni. Mengine yote ni watoto wa hili."

Akalitafuta lile faili, akaliweka mahali pake, akabonyeza kuanza tena.

Mistari ikaanza kushuka tena, safari hii myeupe. Mimi bado naitazama skrini, yeye alishageukia mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Mama, naomba hilo jani."