Dole Lisilo na Mistari

Asubuhi ya upasuaji, daktari alirudia maneno yaleyale. "Mlango mmoja wa moyo wako umekakamaa, bibi. Tutakutilia mwingine, wa utando wa moyo wa ng'ombe. Kwa umri wako, huenda usiamke. Tukikuacha hivi, mwaka huu huumalizi."

Bi Mwanahija akavuta pumzi kwa tabu. "Huyo ng'ombe alichinjwa kwa bismillahi?"

"Mama!" Binti yake, Saumu, aliona haya.

"Wewe hutakaa naye kifuani."

Nesi akaleta fomu ya kukubali na wino. Bi Mwanahija akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu, halina hata mstari mmoja. Miaka sitini ya kusuka mikeka ilikuwa imezila alama zote.

"Hili linaweza kuwa la mtu yeyote," nesi akanung'unika.

"Basi andika jina langu pembeni, asije akapasuliwa mwingine."

Saumu akaangua kilio. Mama yake akamfuta machozi kwa mkono uleule, kisha akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wauguzi wakamsukuma. Mlangoni akageuza kichwa. Doa la dole lake lilikuwa limebaki shavuni mwa Saumu, jeusi, likichuruzika taratibu na machozi, naye hakumwambia anawe.