Bangili ya Mke Mwenzangu

Siku hizi mwanamke akikoma hedhi huvalishwa bangili. Joto likimpanda, inawaka nyekundu, mtaa mzima unaona.

Mimi na mke mwenzangu, Mwatima, tunakula chungu kimoja: soya, ufuta, mchicha. Kahawa tumeacha, na kila alfajiri tunatembea pamoja. Bangili yake ni kijani daima. Yangu kaa la moto!

"Unakula nini kwa siri?" nikamuuliza jana.

"Sili kitu, dada. Ila nilipokwenda kwetu, yako ilikuwa kijani wiki nzima. Bwana aliniambia kwenye simu kila jioni."

Kumbe! Na mimi Bwana akiniambia zile simu za jioni ni za fundi bomba.

Nikaifunika bangili kwa kanga. Wekundu ukapenya.