Kigoda cha Mlangoni

Wageni waliokuja kumposa Sikudhani walipokaribishwa sebuleni, baba yake, Mzee Kibwana, alichukua kigoda akakiweka kwenye mlango wa uani, upepo unakopitia kwenda nje. Ndivyo walivyokaa watu wa kiwanda cha ngozi katika kila shughuli ya mji ule, ili harufu ya chokaa na ngozi mbichi isiwafikie wanaokula. Kiwanda chenyewe kilifungwa zamani, matangi yake yameota majani, na mzee siku hizi ananukia sabuni tu. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia asogee ndani.

Wageni walitoka mji mwingine, hawakujua lolote.

"Mkwe, mbona unajitenga?" akauliza mjomba wa mchumba, akimwachia nafasi mkekani. "Njoo bwana, tule sinia moja."

Sikudhani alikuwa amesimama na sinia la pilau mikononi. Kumwambia baba yake aje lilikuwa neno moja tu. Akayawazia maswali yatakayofuata, ya kazi gani na kiwanda gani, uso ukamwaka.

"Mwacheni tu," akasema. "Baba anapenda upepo."

Mzee Kibwana alimtazama bintiye, kisha akawatabasamia wageni.

"Ni kweli," akasema. "Napenda upepo."

Akainuka, akakisogeza kigoda nje kidogo zaidi, akakaa. Uani, kanga zilizoanikwa kambani zilikuwa zimening'inia kimya, hata ncha zake hazitikisiki.